Mlango wa Kutokea: Namna ya Kutafuta Msaada wa Mungu Kabla Hujabanwa

Wengi wetu hapa Nairobi tunaomba tukiwa tayari tumebanwa. Mshahara umeisha tarehe 12, keateka anagonga mlango, simu ina deni la mikopo mitatu, ndipo magoti yanagusa sakafu. Mungu husikia hata ombi la namna hiyo. Lakini ukisoma Biblia polepole utaona msaada wake huwa umeshatangulia. Yesu alimwambia Petro kwamba amekwisha kumwombea (Luka 22:32), na jogoo alikuwa bado hajawika. Kule Gethsemane Petro akaambiwa tena akeshe na kuomba asije akaingia majaribuni (Mathayo 26:41). Akalala. Msaada ulipita yeye akikoroma.

Kwa hiyo kazi kubwa iko kabla ya ile saa yenyewe. Unachohitaji ni daftari dogo, kalamu, Biblia, mtu mmoja wa kuaminika na wiki moja ya kujichunguza bila kujidanganya.

Tenganisha jaribu na kishawishi

Kigiriki cha Agano Jipya kina neno moja, peirasmos, kwa vyote viwili, na Biblia ya Muungano nayo huandika "majaribu" penye hili na lile. Katika maisha yatenganishe, maana dawa zake hazifanani. Jaribu ni mzigo ambao hukuutaka: kuachishwa kazi, mtoto kulazwa, maji ya mvua kuingia hadi chini ya kitanda, mkwe asiyekupenda. Kishawishi ni kitu ambacho sehemu fulani yako inakitaka kweli, hata kama mdomo unakana.

Jaribu hustahimiliwa (Yakobo 1:12). Kishawishi hukimbiwa: Paulo anasema ikimbieni zinaa (1 Wakorintho 6:18), na Yusufu alipokamatwa vazi na mke wa Potifa aliliacha vazi akatoka mbio (Mwanzo 39:12). Hakubaki kumweleza yule mama mafundisho.

Sisi hugeuza. Tunakimbia jaribu, tunazimia simu watu wanaotudai na kuhama kanisa kila tukikosolewa, halafu tunakaa kitako kupambana na kishawishi. Mtu aliyeacha pombe mwezi uliopita anakaa kwenye kaunta ya baa na soda mkononi, ati ana imani. Huyo hajashinda bado, amejiongezea kazi.

Viwili hivi pia huzaana. Jaribu la kodi huzaa kishawishi cha kubeti, na uchungu wa ndoa huzaa meseji za saa tano usiku kwa mtu asiyehusika. Ukiomba Mungu akuondolee tunda tu, mti utazaa tena mwezi ujao. Taja vyote viwili.

Andika siku saba

Kwa siku saba, kila unapoanguka au unapokaribia kuanguka, andika mstari mmoja wenye mambo matano: saa, mahali, hali ya mwili, uliyekuwa naye, na ulichofanya. Kwa mfano:

Ijumaa, saa mbili usiku, stegi ya Githurai, sijala tangu saa sita, peke yangu, nikabeti 200.

Jumanne, saa kumi na moja jioni, ofisini, nimechoka, na mwenzangu wa meza, tukamsengenya bosi.

Jumatano, saa sita usiku, kitandani, usingizi umegoma, peke yangu, nikatazama nilichoapa kutotazama.

Usiandike "nilikosa imani" au "adui alinishambulia." Huenda ni kweli, ila mstari kama huo haukuonyeshi pa kuweka mguu. Andika saa. Ukihofia mtu kulisoma daftari, tumia herufi moja kwa kila kosa. Mungu anajua B ni nini.

Jumapili soma mistari yote mfululizo. Mara nyingi utashangaa: ulidhani una matatizo ishirini, kumbe una saa mbili au tatu mbaya katika wiki. Na kabla ya kila moja kuna kitu kinachojirudia, kama njaa, uchovu, upweke au pesa iliyoingia sasa hivi. Shetani alimjia Yesu kwanza na habari ya mkate kwa sababu Yesu alikuwa na njaa ya siku 40. Hakuanza na milki za dunia.

Weka mlango mapema

Mstari unaojulikana zaidi juu ya jambo hili ni 1 Wakorintho 10:13. Wengi hukariri sehemu ya kutojaribiwa kupita tuwezavyo, kisha wanaishia hapo. Endelea: pamoja na lile jaribu Mungu atafanya na "mlango wa kutokea." Mlango hutokewa kwa miguu. Kwenye daftari, mbele ya kila mstari, andika mlango wake. Mlango mzuri huchukua chini ya dakika mbili, hauhitaji ujasiri mwingi, na uko kabla ya chumba chenye moto.

Chukua ule mstari wa Ijumaa. Mlango wa kwanza ni tumbo: ndizi mbili au hindi la kuchoma kabla ya kupanda matatu. Mlango wa pili ni pesa: mshahara ukiingia, kabla hata ya kununua bando, lipa kodi, tuma ada, nunua unga, kisha kiasi kilichobaki cha akiba kiingie kwenye akaunti ya kufungwa au kwenye chama, mahali ambapo hutaweza kukitoa ukiwa umesimama stegini. Mlango wa tatu ni simu: futa programu ya kubeti, na kabla ya kuifuta, iandikie kampuni ifunge akaunti yako. Kufuta peke yake hakutoshi, kwa sababu kuirudisha ni dakika moja na nywila bado unaikumbuka.

Kwa mstari wa Jumatano, chaji simu mbali na kitanda. Anayeishi katika chumba kimoja atasema hana mbali. Basi iwe kwenye soketi iliyo karibu na mlango, ikitazama ukuta, na nunua saa ya mezani ya kukuamsha ili usiwe na kisingizio cha alamu.

Mlango ukiwekwa umechelewa hauna kazi. "Nikipoteza 500 nitaacha" si mlango. Wakati huo umeshaingia na umekaa. Yakobo anapanga hatua za kishawishi kama mtu anayesimulia mimba: tamaa huvuta, huchukua mimba, huzaa dhambi, na dhambi ikikomaa huzaa mauti (Yakobo 1:14-15). Bei ya kutoka hupanda kila hatua.

Kuna na kosa la upande wa pili, la watu wa makesha. Mtu anakemea pepo wa kamari hadi sauti inakauka, na programu iko kwenye simu ileile aliyowashia nyimbo za kuabudu. Omba, naam, na ufute.

Ombi la sekunde kumi na ombi la robo saa

Mfalme Artashasta alimuuliza Nehemia anataka nini. Nehemia akamwomba Mungu wa mbinguni, kisha akamjibu mfalme (Nehemia 2:4-5). Katikati ya swali na jibu hapakuwa na nafasi ya kufunga macho. Ombi la namna hiyo lina sehemu tatu: taja kitu kwa jina lake, omba kitu kimoja, sema hatua utakayochukua sasa. Makanga amekunyima chenji ya 50 na bado anakutukana mbele ya watu:

"Bwana, nataka kumtusi huyu kijana. Nishike ulimi. Nanyamaza mpaka stegi ya Allsops."

Ile sehemu ya tatu ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo inayolipatia ombi miguu. Usiahidi kunyamaza milele. Ahidi mpaka Allsops. Ukifika Allsops unaweza kuahidi tena mpaka mjini, na pale mjini dai chenji yako kwa sauti ya kawaida, maana kudai haki si dhambi.

Ombi refu ni la majaribu, si la vishawishi. Likikushinda maneno, tumia Zaburi 13, yenye aya sita tu. Aya 1 na 2 ni malalamiko, na Daudi anauliza "hata lini" mara nne bila kuomba radhi. Aya 3 na 4 ni ombi. Aya 5 na 6 ni tumaini. Chukua karatasi, igawe mara tatu, uandike yako kwa mpangilio huohuo. Mtu asiye na kazi ataandika juu: "Hata lini nitakaa kwenye geti la viwandani Industrial Area tangu saa kumi na moja alfajiri nirudi bila jina langu kuitwa?" Katikati ataomba kitu chenye umbo, kwa mfano kazi ya siku tatu wiki hii, au ndugu fulani arudishe deni. Chini ataandika jambo moja ambalo Mungu alimfanyia zamani, na mwaka wake.

Watu wengi huruka sehemu ya kwanza. Wanadhani kulalamika ni kukosa adabu, basi wanaanza na "Baba tunakushukuru" huku kifua kimejaa. Zaburi nyingi zinaanza na kilio. Mungu hahitaji umfichie.

Kuhusu wakati, Danieli aliomba mara tatu kwa siku (Danieli 6:10), na hata amri ya mfalme haikumbadilishia ratiba. Dakika tano kabla ya kutoka nyumbani, dakika tano mchana, dakika tano kabla ya kulala zinakufaa kuliko saa mbili za Jumapili peke yake. Mchana katikati ya mji pa kukaa kimya hapakosekani. Holy Family Basilica na All Saints Cathedral ni mwendo wa miguu kutoka ofisi nyingi.

Mstari mmoja kwa kila jaribu

Yesu alijaribiwa mara tatu jangwani, akajibu mara tatu, na majibu yote yalitoka Kumbukumbu la Torati: 8:3, 6:16 na 6:13. Hakuwa na Biblia mkononi. Alitoa alichokuwa nacho kichwani. Fanya vivyo hivyo: usikariri sura nzima, kariri mstari mmoja kwa kila saa mbaya uliyoiona kwenye daftari. Kwa hasira, Yakobo 1:19. Kwa hofu, Zaburi 56:3, yenye maneno sita tu: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Kwa kitu kidogo, iwe unaombwa au unapewa, Kutoka 23:8. Kwa pesa, Mithali 30:8-9, sala nzuri mno kwa mji huu, maana mwombaji anaogopa utajiri na umaskini kwa pamoja: akishiba asije akamkana Mungu, akipungukiwa asije akaiba.

Uandike kwa mkono wako kwenye kipande cha manila chenye ukubwa wa kitambulisho. Siku ya kwanza usome kwa sauti mara tano asubuhi na mara tano jioni. Siku ya pili funika nusu ya mwisho kwa kidole. Siku ya tatu sema bila kutazama. Siku ya nne useme ukiwa unatembea au umekwama kwenye foleni ya Jogoo Road, kwa sababu ndiko utakakouhitaji. Baada ya hapo mara moja kwa wiki inatosha.

Tahadhari moja. Mstari si hirizi. Shetani naye alinukuu: alichukua Zaburi 91, akaacha maneno "katika njia zako zote," akamwambia Yesu ajitupe chini. Unapopewa mstari unaokuruhusu kufanya kile ulichokuwa unatafuta ruhusa ya kukifanya, fungua Biblia usome aya tatu za juu na tatu za chini.

Mfano mmoja kwa karibu: pesa isiyo yako

Simu inalia. M-Pesa: umepokea 6,500 kutoka kwa jina usilolijua. Kodi imechelewa siku nne. Hapa jaribu na kishawishi vimeingia kwa mlango mmoja, na sauti ya kwanza itakayosikika itakuwa ya kidini: "Huenda Mungu amejibu." Mungu hajibu kwa pesa ya mama wa watu aliyekosea tarakimu moja.

Kwanza angalia salio kwa *334#, usitegemee meseji peke yake. Kama salio halijaongezeka, hiyo ni meseji ya tapeli, na atakayekupigia akilia umrudishie anataka pesa yako. Kama limeongezeka, usitoe, usilipie kitu. Anayedai akipiga, mwambie kwa upole atume ile meseji yake ya M-Pesa kwa 456 ili Safaricom ishughulikie. Usimrudishie mwenyewe kwa namba nyingine anayokupa; ndipo watu wema wanapolipa mara mbili. Kisha mwambie rafiki yako saa hiyohiyo: "Nina 6,500 za mtu kwenye simu, ukiniona kesho niulize kama bado zipo." Sasa keti uandike ombi lako la kodi, na umpigie mwenye nyumba kabla hajakupigia, umtajie tarehe na kiasi: "Mzee, nina 3,000 leo, zilizobaki tarehe 15." Kodi bado ni jaribu. Limebaki kuwa jaribu tu, na hilo ni ushindi wa siku.

Mtu mmoja

Chagua mtu mmoja, mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke, aliyekupita kidogo katika imani na ambaye hujawahi kumsikia akikuletea siri za mwingine. Mchungaji mwenye waumini elfu mbili hataweza. Mke au mume ajue, lakini usimfanye polisi. Muombe waziwazi: "Ndugu, naomba uniulize maswali matatu kila Jumamosi saa moja jioni. Usinihubirie kabla sijamaliza."

Maswali ni haya. Wiki hii umepita katika zile saa zako mbaya? Ulitumia mlango au uliuacha? Kuna kitu umenificha katika majibu hayo mawili? La tatu ndilo lenye kazi. Simu ya dakika kumi inatosha. Ikifika saa nzima imekuwa stori.

Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo na kitubio, ambako padri hawezi kutoa siri. Makanisa mengine yana ushirika wa nyumbani. Kundi la WhatsApp la maombi si mahali pake. Ombi la "tumwombee dada fulani, ndoa yake inayumba" hufika mtaa wa pili kabla ya amina.

Mwili

Eliya aliomba afe. Malaika hakumhubiria, alimpa mkate wa moto na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena (1 Wafalme 19:5-8). Swali la kazi yake lilikuja baadaye. Ukiwa umelala saa nne kwa siku kwa wiki nzima, kalale kwanza.

Kufunga husaidia dhidi ya vishawishi kwa sababu hufundisha mwili kusikia "hapana." Anza na mlo mmoja, hadi saa tisa, ukinywa maji, na siku ambayo hujapanga mikutano ya kugombana. Mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha au anayemeza dawa zinazohitaji chakula afunge kitu kingine, kwa mfano simu.

Ukianguka

Saa ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu ya wazo la "nimeshaharibu, nimalizie tu." Simama hapo ulipo, hata kama ni katikati. Mwambie Mungu ulichofanya kwa jina lake: "nimeiba," si "nimeteleza." 1 Yohana 1:9 haiweki muda wa kungoja. Soma Zaburi 51 kwa sauti. Mpigie mtu wako kabla ya kulala. Rudisha kinachorudishika; Zakayo alisema mara nne (Luka 19:8), wewe anza na mara moja. Kisha kwenye daftari tazama mlango: haukuwepo, au ulikuwepo ukaupita? Kama ulikuwepo ukaupita, huenda uko mbali mno; usogeze mapema.

Ukiambiwa na yeyote kwamba jaribu lako litaondoka ukituma "mbegu" ya kiasi fulani kwenye namba ya till, weka simu mfukoni. Neema haina till.

Jaribu lisiloondoka

Paulo aliomba mara tatu mwiba wake wa mwilini uondolewe, na jibu likawa neema (2 Wakorintho 12:8-9). Ugonjwa wa muda mrefu mara nyingi huwa hivyo. Endelea na dawa: Hezekia alipoombewa na kuahidiwa kupona, Isaya bado aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20:7). Anayekwambia uache vidonge ili uonyeshe imani hajasoma hapo.

Kupigwa nyumbani hakumo katika majaribu ya kustahimili. Toka, na upige 1195, namba ya bure. Mawazo ya kujiua yakikujia, mwambie mtu usiku huohuo na upige 1199, ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Hiyo nayo ni milango.

Mwisho wa mwezi rudia zile siku saba kwenye ukurasa mpya. Saa mbaya huhama: ukiziba Ijumaa jioni, jambo lilelile linaweza kuchomoza Jumapili alasiri baada ya ibada, ukiwa umeshiba, huna ratiba, na simu ina chaji asilimia mia.